Kupanga michezo ya kivita na majaribio ya jeshi: mtu wa takwimu asiye mwanajeshi anaingiaje?

Kijana_Changamwe aliuliza:

Salaam aleikum jamani. Nina shahada ya takwimu, na huu ni mwaka wangu wa tano bandarini, upande wa kupanga zamu za kreni na foleni za meli. Mwezi uliopita ofisi ilinituma kwenye mazoezi ya mezani ya usalama wa bahari, siku mbili katika hoteli moja ya Nyali. Nilidhani ni hotuba na chakula tu. Kumbe tuligawanywa meza tatu, tukapewa ramani ya pwani kutoka Vanga hadi Kiunga, na kila nusu saa kijana mmoja alituletea kijikaratasi: meli ya mizigo imezima mtambo wa kujitambulisha, redio ya boti ya doria haisikiki, mwandishi wa habari yuko langoni. Sisi tukiamua, wao wakiandika.

Pembeni alikaa mama mmoja na daftari lake, siku mbili hakusema neno. Ramani hakuitazama, alitutazama sisi. Kadi yake iliandikwa mchambuzi mwandamizi wa majaribio na michezo ya kivita. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo duniani, na tangu siku ile haijanitoka kichwani.

Naomba mwenye kujua anieleze. Mtu kama huyu hufanya nini siku ambazo hakuna mchezo? Ni lazima awe amevaa sare? Nisome nini? Na kuna swali moja ambalo si langu, ni la mamangu. Nilipomweleza aliniuliza, "Kwa hiyo utalipwa kupanga watu wafe?" Nilikosa la kumjibu.

Mtongwe_Mstaafu alijibu:

Waaleikum salaam mwanangu. Mie nimetumikia jeshi la majini miaka ishirini na miwili, bahari naijua kuliko karatasi, kwa hivyo nitasema machache. Watu huchanganya mambo matatu. Mazoezi ni kumzoesha baharia jambo ambalo lajulikana tayari: kupanda meli ya watu kwa ngazi ya kamba, kuipekua, kushuka salama. Cutlass Express, ambayo imefanyiwa hapa Mombasa zaidi ya mara moja pamoja na Wamarekani na majirani zetu wa Bahari ya Hindi, ni mazoezi. Jaribio ni kutaka kujua kama kifaa kipya au njia mpya yasaidia kweli. Mchezo ni kutaka kujua watu wataamua nini wakibanwa, na adui naye ana akili zake. Nimeshuhudia siku tatu za bahari zikipotea kwa sababu waliopanga walitaka yote matatu kwa pamoja.

Kuna mwenzetu humu ameifanya kazi yenyewe. Bi Kuze, upo?

Bi_Kuze alijibu:

Nipo. Nimesoma swali lako mara mbili, mwanangu, maana hilo la mamako ndilo aliloniuliza mamangu, kwa simu ya kadi, miaka mingi iliyopita. Nitalifikia.

Mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Nilikwenda Marekani mwaka 1996 kwa bahati nasibu ya viza, nikaangukia Norfolk, Virginia. Mji ule ni wa jeshi la majini kama Mombasa ilivyo ya bandari, jirani yako yeyote ama ni baharia ama anamuuzia baharia kitu. Mchana nilihesabu mali ghalani, usiku nikasoma hisabati. Nilipopata uraia niliajiriwa na kampuni iliyofanya kazi za uchambuzi kwa jeshi, nikiwa raia, sijavaa sare hata siku moja. Nimestaafu, nimerudi nyumbani. Yaliyo siri yatabaki siri. Nitakalokueleza ni ufundi, na ufundi hauna siri.

Mchezo wa siku nne ulikuwa ukinila miezi minane au tisa. Katika miezi hiyo, mitatu ya kwanza ni ugomvi juu ya swali. Mkubwa anakuja anasema, "Tunataka mchezo wa kuonyesha kuwa mpango wetu unafaa." Hilo si swali, ni jibu lililovishwa kanzu ya swali. Kwa hiyo unakaa naye, unamuuliza taratibu: uamuzi gani unaokusumbua? Nani anautoa? Saa hiyo atakuwa anajua nini, na hajui nini? Kisha nilikuwa nikimchorea majedwali ya ripoti yakiwa matupu, kabla mchezo haujachezwa kabisa, nikimwonyesha kisanduku kimoja kimoja: humu kikija "hapana", utabadilisha chochote? Akisema hatabadilisha, nakifuta mbele yake. Wengi walikasirika. Lakini ukiingia chumbani na watu arobaini bila kujua utaandika nini, utatoka na daftari lililojaa na huna kitu.

Baada ya hapo ndipo unatengeneza mchezo wenyewe: ramani, kisa, nani aketi upande wa buluu, yaani wetu, nani mwekundu, yaani adui, marefa ni akina nani na watahukumu kwa hesabu ipi. Hesabu hapo si ngumu kwa mtu kama wewe. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, alionyesha kwamba pale ambapo kila mpigaji anaweza kumlenga yeyote wa upande wa pili, nguvu hazifuati idadi, zinafuata mraba wa idadi. Meli 20 dhidi ya 10 za ubora ule ule si mara mbili, ni mara nne. Kumi zikiisha zote, upande wa pili unabaki na 17 hivi. Ni hesabu ya kurasa mbili, na nimeona maofisa wakuu wakinyamaza mbele yake. Ina mapungufu yake, haijui woga wala ukungu, ndiyo maana unahitaji watu mezani.

Ukitaka kuona kazi hii ilivyo ikifanywa vizuri, soma habari za Liverpool, Januari 1942. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha misafara ya meli Atlantiki, na Waingereza hawakuelewa zinapigaje. Kapteni Gilbert Roberts alipewa ghorofa ya juu ya jengo la Derby House na kundi la wasichana wa kikosi cha wanawake cha majini, baadhi yao ndio kwanza wametoka shule. Walichora miraba sakafuni, bahari ikawa linoleamu. Maofisa waliwekwa nyuma ya mapazia ya turubai yenye vitundu, waone tu kile ambacho nahodha angekiona usiku baharini. Njia za meli zilichorwa kwa chaki nyeupe, za nyambizi kwa chaki ya kijani, ili aliye nyuma ya turubai asiione. Kwa kucheza na kurudia wakagundua kwamba nyambizi haikuwa ikipiga kutoka nje ya msafara, ilikuwa inaingia katikati ya meli kutokea nyuma, juu ya maji, gizani. Wakabuni namna ya kuisaka na kuwafundisha maofisa waliotoka kwenye misafara, maelfu kabla vita kwisha. Mmoja wa wale wasichana, Jean Laidlaw, ndiye aliyeipa mbinu ya kwanza jina la Raspberry. Kila nilipochoka nilikuwa nikiikumbuka chaki ile ya kijani. Mtu alikaa akafikiri: huyu nahodha asione nini?

Sasa upande wa pili. Mei mwaka huo huo, ndani ya manowari Yamato, maofisa wa Japani waliicheza Midway, vita vya kuwania kisiwa cha Pasifiki, kabla ya kuipigana. Dadu ikasema mabomu tisa yamepiga meli zao za kubeba ndege, Akagi na Kaga zikazama. Admirali Ugaki aliyesimamia mchezo akashusha tisa yakawa matatu. Akagi ikapona. Kaga ikabaki chini, lakini awamu iliyofuata ikafufuliwa, ikaendelea kucheza. Tarehe 4 Juni, baharini, zote mbili zilipigwa, na Soryu na Hiryu nazo.

Yasikupite majina hayo, wewe mtu wa Kilindini. Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwa katika kundi lililoshambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942, na kwa kulihofia kundi hilo Waingereza walihamishia kituo cha meli zao huku kwetu. Wafumbuzi wao wa maandishi ya siri waliwekwa shule ya Allidina Visram, madirisha yakitazama bahari, na mwaka huo huo wakaufumbua msimbo wa meli za biashara za Japani. Nilipita nje ya shule ile utoto wangu wote bila kujua.

Na Ugaki nimtendee haki. Mabomu yale ya mchezoni yalitoka kwa ndege za nchi kavu, na katika vita vyenyewe ndege kubwa za B-17 zilizoruka kutoka kisiwani hazikuipiga meli hata moja. Kuhusu silaha ile, huenda alikuwa sawa. Ila yalipofutwa mabomu sita, lilifutwa pamoja nayo lile swali la tutafanyaje tukipoteza mbili, na mpango ukabaki kama ulivyokuwa. Refa anaweza kuwa sahihi na mchezo ukawa umeharibika.

Watu watakutajia Millennium Challenge, mchezo mkubwa wa jeshi la Marekani, majira ya joto ya 2002: watu zaidi ya 13,000, dola takriban milioni 250. Luteni jenerali mstaafu Paul Van Riper aliyeongoza upande mwekundu alipeleka amri zake kwa pikipiki ili zisinaswe hewani, akapiga ghafla kwa makombora na boti ndogo, na kwa hukumu ya mchezo meli 16 zikazama. Zikaelezwa kuwa zinaelea tena, naye akawekewa masharti, mwishowe akajiondoa kwenye uongozi wa upande wake. Wengi husema dhambi ilikuwa kuzifufua meli. Mimi sikubali. Una watu maelfu wamekusanywa kwa majaribio mengine chungu nzima, huwezi kuwarudisha nyumbani siku ya pili. Fufua. Lakini ukifufua, andika kwa herufi kubwa kwamba zilizama, na kuanzia hapo usimfunge mikono mwekundu halafu ukaandika buluu ameshinda.

Hili nalisema kwa kuwa lilinipata. Miaka yangu ya mwanzo tulicheza mpango mmoja wa kusambaza meli mbali na nyumbani. Siku ya pili saa tisa alasiri mafuta yakaisha. Mkubwa wa mchezo akasema, "Tuchukulie yamefika." Nikaandika: mafuta yamefika. Sikuandika nani kasema, wala kwa nini. Ripoti ikatoka ikisema mpango uliweza kuhimili siku nne. Wiki sita baadaye ofisa kijana akanijia mezani na ripoti mkononi, kwa adabu kabisa: "Samahani, ningependa kujua mafuta yalifikaje." Nilikaa kimya. Kisha nikaandika ukurasa mmoja wa nyongeza nikasema ukweli, na mkubwa wangu hakunisemesha mwezi mzima. Kati ya kurasa zote nilizoandika, ule ndio ninaojivunia. Tangu hapo kila hukumu iliyompita refa niliiandika kwa wino mwekundu, na saa, na cheo cha aliyeitoa, na sababu yake, na jioni nikaisoma kwa sauti mbele ya wote.

Kuhusu majaribio nitakupa mfano wa nyumbani. Tuseme unataka kujua kama droni ndogo itaisaidia boti ya doria baina ya Shimoni na Vanga kuziona mashua za magendo. Kwanza, je, wale mabaharia wamejua kuitumia, au imelala sandukuni betri haina chaji? Hapo hujajaribu droni, umejaribu uzembe wa mafunzo. Halafu, mashua wanazoziona zimeongezeka kiasi cha kuonekana kwenye hesabu, au umetoka mara nne tu na mara nne hazitoshi? Zikiongezeka, ni droni, au mwezi wa kwanza ulijaribu bila droni wakati wa kusi bahari ikichafuka, na wa pili ukajaribu na droni wakati wa kaskazi maji yametulia? Hili la mwisho huwaangusha wengi, na dawa yake ni kuchanganya siku kwa kura. Na hata ukifaulu yote, wale "wasafirishaji wa magendo" wako ni wavuvi uliowalipa. Hawatabadilisha njia wakisikia mvumo. Wa kweli watabadilisha wiki ya kwanza.

Kwa hivyo soma kupanga majaribio, soma takwimu za sampuli ndogo, soma historia kuliko unavyodhani inahitajika. Na jifunze kuandika sentensi ambayo mtu aliyechoka ataielewa mara moja. Kwa sare, hapana, si lazima. Lakini Marekani bila uraia na kibali cha usalama hupati nafasi hizi, na hapa kwetu nyingi ziko mikononi mwa maofisa.

Sasa mamako. Sikumpa mamangu jibu la kumfurahisha. Nilimwambia: nimeona chumbani watu wakigundua kwamba mpango wao ungewazamisha vijana wao wenyewe, wakauacha. Na nimeona pia mpango ukinolewa ili upige vizuri zaidi. Yote mawili yamefanywa kwa daftari hili hili. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ninaswali. Ukiwa huwezi kulibeba la pili, usiingie kwa kujiliwaza na la kwanza. Kuna kazi mbili nilizokataa, na sikufukuzwa kwa kuzikataa.

Bao_la_Makadara aliandika:

Kwa heshima zote Bi Kuze, mbona mambo marefu? Bao linafundisha yote hayo. Mashimo 32, kete 64, mpinzani ana akili, unaona mbele mitaji mitano. Wazee wetu hawakuhitaji dola milioni 250.

Bi_Kuze alijibu:

Bao nalipenda, marehemu babu yangu alikuwa hafungiki akishaingia mtaji. Lakini kwenye bao kete zote ziko mbele yenu wawili. Hakuna anayeficha shimo, hakuna dadu, na ukila umekula. Nahodha wa Liverpool alikuwa nyuma ya turubai. Jambo linalokaribia vita ni bao ambalo huoni safu za mwenzako, mtu wa tatu anakunong'oneza kuwa nyumba yake ina kete kumi, na mtu huyo mara nyingine hukosea. Nimeshawahi kuwachezesha watu bao la namna hiyo. Mabingwa walikasirika kuliko wote, wakajifunza kuliko wote.

Na bao unacheza mara elfu maishani. Mchezo wa kivita mara nyingi unachezwa mara moja, kisha mtu anasimama na kusema "mchezo umethibitisha". Mara moja haithibitishi kitu. Taasisi ya utafiti ya CSIS, ya Washington, ilipochapisha mchezo wake wa Taiwan, Januari 2023, ilikuwa imeucheza mara 24, kwa masharti tofauti tofauti. Hapo walau unaona kipi kinajirudia.

Kijana_Changamwe aliandika:

Bi Kuze, shikamoo. Nimemsomea mamangu kipande chake. Hakusema kitu, ila ameomba nimsomee tena kile cha wasichana wa chaki.

Sina uraia wa Marekani wala cheo. Nianzie wapi?

Bi_Kuze alijibu:

Marahaba baba. Anzia hapo ulipo. Bandari yako iko chini ya kanuni za ISPS, zile za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zilizoanza kutumika Julai 2004, na mwongozo wake unataka mazoezi madogo kila miezi mitatu na makubwa angalau mara moja kwa mwaka wa kalenda, isipite miezi 18 baina ya moja na jingine. Kwa hivyo kuna mazoezi yanayokuja, na lazima mtu ayapange. Mengi hupangwa na aliyekosa pa kukimbilia. Jitolee. Ila kabla hujamwandikia mtu yeyote, niletee hapa swali lako, sentensi moja.

Kijana_Changamwe aliandika:

"Je, tuko tayari kwa moto wa meli ya mafuta ikiwa gatini?"

Bi_Kuze alijibu:

Bado. "Tayari" utaipima kwa rula gani? Kila mtu ofisini atakujibu ndiyo, na hutakuwa umejua kitu. Weka saa, weka upepo, weka mtu mwenye uamuzi. Jaribu hivi: moto ukizuka saa nane usiku, kusi ikivuma kuelekea meli ya jirani, nani anatoa amri ya kuikata kamba meli inayoungua, na amri hiyo inachukua dakika ngapi tangu kengele ya kwanza?

Kijana_Changamwe aliandika:

Nimewauliza wakubwa watatu leo ofisini, mmoja mmoja, bila kuwaambia kwa nini. Nani anatoa amri ya kukata kamba? Nimepata majibu matatu tofauti. Wa tatu alinijibu kwa haraka sana, kisha akanifuata kwenye ngazi akasema amefikiri tena, hana hakika.

Bi_Kuze alijibu:

Yaandike majibu hayo leo usiku kabla hujalala. Vyeo tu, majina usiweke, na mbele ya kila jibu weka saa uliyoulizia. Huyo wa kwenye ngazi mrudie kesho, mwombe akae upande wako wakati wa kupanga, maana ameshaliona shimo mwenyewe. Kisha chora jedwali tupu, unipigie picha uliweke hapa. Kamba, pampu, boti za kuvuta, nani awapigie simu majirani wa gati. Usijaze kisanduku hata kimoja.